Sindano ya Kuhuisha Diski ya Mgongo: Historia ya Tiba na ya Jina Lake

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa desturi huachiwa madaktari peke yao, nalo ni sindano inayotiwa katika diski ya uti wa mgongo kwa nia ya kuihuisha. Mwandishi si daktari, wala hakusudii kuingilia kazi ya madaktari. Walakini kila tiba humfikia mgonjwa pamoja na jina lake, na mara nyingi mgonjwa huamua kwa kulisikia jina hilo kabla hajaijua dawa yenyewe. Kwa hiyo kupima uzito wa majina ya tiba ni kazi inayotuhusu sisi tunaochunguza lugha, na hatuwezi kuifanya pasipo kuijua historia ya vitu vinavyotajwa.

Sababu ya kuandika ni hii. Mjomba wangu, seremala wa Tanga aliyekwisha kustaafu, ameumwa kiuno kwa zaidi ya miaka saba. Siku moja alinijia na karatasi ya zahanati moja, iliyoandikwa kwa Kiingereza, akasema: "Mpwa wangu, nisomee. Nataka kujua sindano hii itanirudishia mgongo wangu au haitanirudishia, maana nikiikubali sina budi kuuza kiwanja." Nilimsomea bila taabu mpaka nilipofika kwenye neno lililobeba ahadi yote ya karatasi ile, nikasita. Ningeweza kusema kuhuisha, au kufufua, au kuotesha upya, au kutengeneza. Kila neno lingempeleka mzee kwenye uamuzi mwingine. Nikamwomba anipe muda, nikaenda kutafuta habari za sindano hizo tangu mwanzo. Niliyoyapata ndiyo nayaeleza hapa.

I. Kitu kisicho na jina

Yafaa tuanze na lugha yetu. Mifupa ya mgongo twaiita pingili, kwa kuifananisha na muwa au mwanzi, ambao pingili yake ni kipande kilicho baina ya fundo na fundo. Mfano huo ni mzuri, lakini una pengo: haukitaji kitu kinacholala baina ya pingili mbili. Wala "uti wa mgongo" hausaidii sana, kwa kuwa watu hulitumia neno hilo kwa mifupa na pia kwa ugwe wa mishipa ya fahamu unaopita ndani yake. Ndiyo maana hospitalini limeingia neno la kigeni, diski, na mgonjwa hulipokea bila picha yoyote akilini. Mjomba alidhani diski ni mfupa mdogo uliovunjika, na kwamba sindano ingeuunga kama gundi inavyounga mbao.

Diski si mfupa. Ni mto wa gegedu wenye sehemu mbili: pete ngumu ya nyuzi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na ndani yake kiini laini chenye maji mengi. Katika ujana maji hayo huzidi asilimia 80 ya kiini, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ila kidogo sana pembezoni. Chakula chake hupenya polepole kutoka katika mifupa ya juu na ya chini, na seli zake ni chache. Kiungo cha namna hiyo hakiponi kama ngozi iliyokatwa. Aliyetaka kukihuisha alijitwika kazi ngumu tangu mwanzo.

Neno la pili la kupima ni sindano. Kwa asili ni chombo cha kushonea, lakini leo mtu akisema "nimechomwa sindano" hakuna anayefikiri habari za nguo. Katika nchi zetu neno hilo lilipata heshima yake kwa sababu zenye historia. Katika miaka ya 1920 serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika zilitibu ugonjwa wa buba kwa sindano za dawa za aseniki na bismathi, na vidonda vilikauka kwa muda mfupi machoni pa watu wote. Baadaye penisilini ilikuja kwa njia ile ile. Watu walijifunza, na walijifunza kwa ushahidi, kwamba dawa ya sindano ina nguvu kuliko ya kunywa. Lakini ushahidi ule ulikuwa wa buba, si wa diski.

II. Uvimbe ambao haukuwa uvimbe

Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni yalijulikana zamani sana. Mwaka wa 1764 Domenico Cotugno wa Napoli, Italia, aliandika kitabu kizima juu yake, akayahusisha na mshipa wa fahamu wa mguu. Diski nayo ilikwisha kuelezwa na Andreas Vesalius katika kitabu chake cha mwaka wa 1543. Hata hivyo mambo hayo mawili, maumivu na diski, yalikaa mbalimbali kwa muda mrefu.

Sababu moja ya kuchelewa ilikuwa ya jina. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapasuaji walipoufungua mgongo wa mgonjwa na kukuta kinundu cha gegedu kinaubana mshipa, walikiandika kuwa ni uvimbe wa gegedu usio wa saratani. Neno liliwatosha, nao hawakuuliza zaidi. Huko Dresden, Ujerumani, Georg Schmorl alichunguza migongo ya maiti kwa maelfu na kuonyesha jinsi diski zinavyochakaa na kutokeza nje. Ndipo huko Boston, Marekani, mpasuaji William Jason Mixter na daktari wa mifupa Joseph Barr walipovitoa tena vipande vilivyohifadhiwa kwa jina la uvimbe, wakavitazama upya kwa darubini. Waliona kwamba vingi havikuwa uvimbe kabisa. Vilikuwa vipande vya diski iliyopasuka. Makala yao yalitoka mwaka wa 1934.

Ugunduzi huo uliwaponya wengi. Lakini ulizaa kosa la upande wa pili: baada ya kusahauliwa kwa karne nyingi, diski sasa ilishtakiwa kwa kila maumivu ya mgongo. Hapo ndipo ilipoanza tofauti ambayo mgonjwa wa leo hana budi kuijua. Mixter na Barr walieleza diski iliyotokeza na kubana mshipa, ambayo maumivu yake hushuka mguuni. Hawakueleza diski iliyochakaa tu, ambayo hudhaniwa kuleta maumivu yanayobaki kiunoni. Hali hizo ni mbili, na tiba iliyofaa kwa moja haitoi ushahidi kwa nyingine.

III. Utomvu wa papai

Sindano ya kwanza ya diski iliyopata sifa ulimwenguni ilitokana na mti unaoota katika nyua zetu. Kila mpishi wa pwani ajua kwamba nyama ngumu hulainika ikipakwa papai bichi. Utomvu wa papai una vimeng'enya vinavyomeng'enya protini, na utomvu mkavu ulikuwa bidhaa iliyouzwa ng'ambo kutoka Tanganyika na Kongo. Mwaka wa 1941 Jansen na Balls walitenga humo kimeng'enya kiitwacho kaimopapaini. Mwaka wa 1956 Lewis Thomas wa Marekani aliwadunga sungura papaini katika mishipa ya damu, akaona masikio yao yaliyosimama yamelegea na kulala, kwa kuwa gegedu lilikuwa limepoteza ugumu wake.

Daktari Lyman Smith wa jimbo la Illinois alisoma habari hiyo, akafikiri: ikiwa kimeng'enya hiki hulegeza gegedu la sikio, huenda kitakiyeyusha kiini cha diski kinachobana mshipa. Baada ya kujaribu kwa wanyama, alimdunga mgonjwa wa kwanza mwaka wa 1963, na mwaka uliofuata akatoa makala yake. Maelfu ya wagonjwa walifuata. Jaribio la kulinganisha lililotangazwa mwaka wa 1976, ambalo ndani yake mgonjwa wala daktari hakujua nani amepata dawa, halikuonyesha faida ya kutosha, na dawa ikasimamishwa nchini Marekani. Majaribio mengine, likiwamo la Robert Fraser wa Adelaide, Australia, la mwaka wa 1982 lenye wagonjwa 60, yalionyesha faida. Mwaka huo huo wa 1982 serikali ya Marekani iliiruhusu.

Kisha zikaja habari nyingine. Wagonjwa wachache walipata mzio mkali, na baadhi wakafa. Wengine walivuja damu kichwani au walipooza miguu. Wapasuaji wakaiacha hatua kwa hatua, na mwaka wa 2003 mtengenezaji akakoma kuiuza. Msomaji asidhani kwamba dawa hii ilikuwa ya uongo. Kwa diski iliyotokeza na kubana mshipa ilishinda sindano ya bandia. Iliachwa kwa sababu madhara yake, ingawa yalikuwa nadra, yalikuwa makubwa mno kwa ugonjwa usioua, na kwa sababu upasuaji ulikuwa bora kuliko yenyewe. Juu ya hayo, muda nao uligunduliwa kuwa tabibu. Mwaka wa 1983 Henrik Weber wa Norwe alieleza habari za wagonjwa 126 waliogawanywa kwa kura, baadhi kupasuliwa na wengine kutopasuliwa. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa imepungua hata haikuweza kuthibitishwa.

IV. Picha na sindano ya uchunguzi

Huku hayo yakitokea, madaktari walitafuta njia ya kuijua diski inayouma. Mwaka wa 1948 Knut Lindblom wa Sweden alieleza njia ya kudunga rangi ndani ya diski ili ionekane katika picha ya eksirei, na mgonjwa aseme kama maumivu anayosikia ndiyo yale yake. Baadaye ikaja mashine ya MRI, ambayo haichomi wala haiumizi, na kwa mara ya kwanza watu wazima wasiougua waliweza kupigwa picha kwa wingi.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Mwaka wa 1994 Maureen Jensen na wenzake walichunguza watu 98 wasio na maumivu ya mgongo, na asilimia 64 kati yao walikuwa na kasoro katika diski moja au zaidi. Mwaka wa 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti 33 za watu 3,110 wasioumwa: dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Hivyo basi, karatasi isemayo "diski imechakaa" kwa mtu wa miaka 68 kama mjomba wangu haijasema bado kwa nini anaumwa. Imesema karibu kitu kile kile kama ingeandika kwamba ana mvi.

Nayo sindano ya uchunguzi ilipatikana na hatia. Mwaka wa 2009 Eugene Carragee na wenzake walilinganisha watu waliodungwa rangi katika diski miaka kumi nyuma na wengine wanaofanana nao ambao hawakudungwa. Diski zilizodungwa zilikuwa zimechakaa zaidi. Jambo hili ni la kupimwa kwa makini: sindano inayotiwa kwa nia ya kuihuisha diski hupita katika pete ile ile, na kuitoboa.

V. Kutoka kuyeyusha hadi kuhuisha

Baada ya mwaka wa 2000 nia ya sindano iligeuka. Smith alitaka kukiyeyusha kiini. Wapya walitaka kukirudishia uhai. Baadhi walitumia seli shina, zinazochukuliwa katika uboho wa mgonjwa mwenyewe au wa mtu mwingine. Wengine walitumia majimaji ya damu ya mgonjwa yaliyokusanywa chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu. Jina la tiba likaja pamoja na nia hiyo, na lilikuja mapema kuliko ushahidi.

Haufe na Mork mwaka wa 2006 waliwadunga wagonjwa 10 seli za uboho, na hakuna aliyepata nafuu. Mwaka wa 2011 Orozco na wenzake wa Barcelona waliwadunga wagonjwa 10 seli za aina nyingine; maumivu yalipungua, maji ya diski yakaongezeka, lakini kimo cha diski hakikurudi, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka wa 2016 jaribio la New York la chembe sahani, lenye watu 47, lilionyesha nafuu katika majuma manane ya kwanza. Baada ya hapo siri ya nani amepata nini ilifunguliwa, na ulinganisho ukaisha. Jaribio kubwa la seli shina lililofanywa Marekani na Australia lilikuwa na wagonjwa 404. Matokeo yake, yaliyotangazwa kuanzia mwanzoni mwa mwaka wa 2021, hayakufikia kipimo kikuu ambacho watafiti wenyewe walikuwa wamekiweka, ingawa yalionyesha dalili za kupungua kwa maumivu katika baadhi ya wagonjwa. Majaribio yanaendelea.

Aliyezoea historia hii hatavunjika moyo kwa habari hizo, wala hatatekwa na habari njema ya mara moja. Mfano mmoja watosha. Mwaka wa 2010 Peng na wenzake wa China walitangaza jaribio la wagonjwa 72 waliodungwa katika diski rangi ya buluu ya methileni au dawa ya bandia. Nafuu waliyoieleza ilikuwa kubwa kupita zote zilizowahi kuandikwa juu ya ugonjwa huu. Madaktari wa Uholanzi wakalirudia jaribio hilo kwa wagonjwa 84, na mwaka wa 2019 wakatangaza kwamba hawakuona tofauti baina ya rangi na dawa ya bandia. Katika makundi yote mawili walikuwapo waliopata nafuu. Maumivu ya kiuno hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kwa daktari siku yalipopanda. Siku yakishuka, dawa iliyo karibu hupewa sifa.

VI. Juu ya uamuzi wenyewe

Kwa hayo yote, ni nani anayefaa sindano hii? Historia haitoi jibu la mkato, lakini hutupa maswali kwa mpangilio wake.

Swali la kwanza ni kama ugonjwa ni wa diski kweli. Katika nchi zetu kifua kikuu cha mifupa ya mgongo kingalipo, na brusela pia. Homa, kukonda, au maumivu yanayozidi usiku hutaka uchunguzi mwingine. Miguu ikilegea, au mkojo na haja kubwa vikikosa kuzuilika, mtu hana nafasi ya kufikiri habari za kuhuisha; hana budi kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Swali la pili ni kama maumivu yanashuka mguuni au yanabaki kiunoni, kwa maana njia za tiba hutengana hapo. La tatu ni kama yaliyo na ushahidi zaidi na hatari ndogo yamekwisha kujaribiwa kwa dhati: mazoezi yaliyopangwa, mafunzo juu ya ugonjwa, na msaada wa nafsi, kama ulivyoshauri mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2023 kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyo na chanzo mahsusi.

Swali la nne ni kitu gani hasa kimo ndani ya sindano, na kimelinganishwa na nini. La tano, ambalo kwangu ndilo zito, ni nani analipa. Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa bei ya kitu ambacho bado kinajaribiwa. Humweleza hatari kwa lugha anayoielewa, na huwa na kibali. Katika Tanzania kibali cha maadili ya utafiti hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgonjwa anayo haki ya kuomba kukiona kibali hicho. Mtu aliyekwisha kujaribu mengine yote, ambaye diski zake hazijaharibika kabisa, na aliyeelezwa wazi kwamba huenda asipate kitu, anaweza kwa akili timamu kuingia katika jaribio la namna hiyo. Kuuza kiwanja ni jambo jingine.

Sasa nirudi kwenye neno. Kufufua nililikataa mara moja, kwa kuwa diski iliyochakaa haijafa. Kuotesha upya lilidai zaidi ya yaliyothibitishwa, maana kimo cha diski hakikurudi hata kwa Orozco. Kuhuisha ndilo linalotumiwa zaidi, na kwa asili maana yake ni kukipa kitu uhai. Siku hizi ofisini watu huhuisha hata orodha za majina, na kwa hiyo neno limepungua uzito katika masikio ya wasomi. Katika masikio ya mzee wa Tanga halijapungua. Yeye hulisikia likiwa zima, na kulitumia mbele yake kwa sindano hii ni kumwambia jambo ambalo watafiti wenyewe hawajalisema. Kitenzi chetu hueleza tendo lililofika mwisho wake. Kiingereza cha karatasi ile kilieleza nia tu. Nadhani mfasiri anayo ruhusa, naam, anao wajibu, wa kuitia nia hiyo katika Kiswahili.

Basi nilimwandikia hivi: "sindano ya majaribio, inayokusudiwa kuihuisha diski." Maneno ni mengi kuliko ya karatasi, na mtunga kamusi hatayapenda. Nikamweleza na yale maswali matano. Mjomba aliisoma karatasi yangu mara mbili, akaniuliza mahali palipoandikwa "majaribio" katika ile ya Kiingereza. Nikamwambia hapakuandikwa. Alikunja karatasi zote mbili, akaenda nazo zahanati kuuliza habari za kibali. Jibu aliloletewa lilikuwa bei mpya iliyopunguzwa. Kiwanja bado ni chake, na siku za Jumatatu na Alhamisi huenda hospitali ya mkoa kwa mazoezi. Maumivu hayajaisha, lakini amerudi kupiga randa kwa saa moja moja asubuhi.